Shangazi, Kinyama na Kichupa: Historia ya Kipimo cha Saratani ya Titi Hadi Kariakoo



Msimu wa harusi ukikaribia, boti ya asubuhi inayotoka Malindi kwenda Dar es Salaam hujaa wanawake. Tunakwenda Kariakoo. Kuna doti za kanga za kununua Mtaa wa Uhuru, kuna mashuka, mapazia, vyombo na vitu vya bi harusi ambavyo huku kwetu bei yake haishikiki. Safari hii mnaijua kama tunavyoijua sisi. Lakini ndani ya boti hiyo hiyo huwamo pia mwanamke aliyekaa kimya, bahasha ya hospitali iko mapajani. Huyo akishuka bandarini haendi sokoni. Anafuata barabara ya pwani mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa sababu kwa miaka mingi mgonjwa wa Unguja au Pemba aliyehitaji mionzi ilimbidi avuke bahari.

Miaka michache nyuma, mmoja wetu alifanya safari zote mbili kwa siku moja. Alikuwa akimsindikiza shangazi yake, mwenye uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali moja ilimchukua kinyama, ikakitia kwenye kichupa, ikawapa wenyewe wakipeleke maabara. Ilikuwa Ijumaa mchana. Njiani wakapitia Kariakoo kuchukua kanga za harusi zilizokwisha kulipiwa. Walipofika maabara, imefungwa. Kichupa kikalala kwa jamaa Mtaa wa Sikukuu mpaka Jumatatu. Wiki kadhaa baadaye majibu yakaja: saratani ipo, lakini vipimo vya protini havisomeki, kinyama kimeharibika. Kumbe kiliwekwa kwenye maji ya chumvi, wala si dawa ya kuhifadhia. Shangazi akatakiwa achukuliwe kinyama mara ya pili.

Shangazi yetu ni mtu wa maneno. Akamuuliza daktari, "Protini? Kwani mimi maharage? Mmeshasema ni saratani, basi tibuni."

Tulicheka siku ile, lakini swali lake lilitubakia. Kama ugonjwa umeshajulikana, kwa nini mtu asumbuliwe tena kwa ajili ya protini? Tulipofuatilia tukakuta nyuma ya swali hilo kuna historia ya zaidi ya miaka 100, na kila mwanamke, hasa anayeanza maisha ya ndoa, inafaa aijue.

Zama za dawa moja kwa wote

Mwishoni mwa karne ya 19, saratani ya titi ilikuwa na jawabu moja: kisu. Daktari mashuhuri wa Marekani, William Halsted wa Baltimore, aliondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Wanawake wengine walipona. Wengine, waliokatwa vile vile na mikono ile ile, ugonjwa uliwarudia. Hakuna aliyeweza kusema mapema nani atakuwa wa kundi gani.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Walijenga hospitali yao ya pwani, ikakamilika mwaka 1897, na Robert Koch, bingwa wa vijidudu vya maradhi, alifanya kazi humo. Ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali nyingine, iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo huo wa 1897. Hospitali ile ya Wazungu ndiyo Ocean Road ya leo, iliyofanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Na jina la Sewa Haji bado linaitwa kila siku kwenye jengo la wodi Muhimbili. Majumba yalikuwapo mapema, basi. Kilichokosekana, hapa na duniani kote, ni kujua uvimbe huu unatofautiana vipi na ule.

Mmoja kati ya watatu

Dalili ya kwanza ilitoka Glasgow, Scotland. Daktari George Beatson aliwasikiliza wafugaji, akajua kwamba kuna uhusiano kati ya vifuko vya mayai ya uzazi vya mnyama na maziwa yake. Akajiuliza: ikiwa vifuko vile vinaamrisha titi, je, haviwezi pia kuamrisha uvimbe wa titi? Mwaka 1896 alitangaza habari za mama kijana ambaye saratani yake ilikuwa imesambaa na hakuna tena aliyekuwa na la kumfanyia. Beatson alimwondoa vifuko vya mayai, na uvimbe ukanywea.

Madaktari wengine wakamfuata. Mwaka 1900, Stanley Boyd wa London alikusanya taarifa za wagonjwa waliofanyiwa hivyo, akakuta waliopata nafuu ni kama mmoja kati ya watatu. Tafakarini hesabu hiyo. Wanawake watatu wanapasuliwa, wanapoteza uzazi wao, na mmoja tu ndiye anayefaidika. Wawili wameumizwa bure. Hakuna aliyejua yule mmoja atambulikane vipi, na hali ilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka 50.

Mlango na ufunguo

Aliyefumbua fumbo hilo ni Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichukua homoni ya kike, estrojeni, akaitia alama ya mionzi hafifu ili aweze kuifuatilia mwilini mwa panya. Sehemu nyingi za mwili ziliiacha homoni ipite. Kizazi kiliikamata na kuishikilia. Maana yake, ndani ya seli za kizazi kulikuwa na kitu cha kuipokea. Kitu hicho ni protini, na wataalamu wakakiita kipokezi cha estrojeni.

Hapo ndipo hesabu ya mmoja kati ya watatu ikaeleweka. Uvimbe wenye vipokezi hivyo hulishwa na homoni, na homoni ikikatwa, uvimbe hunyauka. Uvimbe usio navyo haujali homoni ipo au haipo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, madaktari walikuwa na hesabu iliyo wazi zaidi: kwa wagonjwa ambao saratani yao imesambaa, wenye vipokezi zaidi ya nusu waliitikia tiba ya homoni, na wasio navyo hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Na dawa nayo ikapatikana bila ya kutafutwa. Mwaka 1962, mwanamama mkemia aitwaye Dora Richardson, katika kampuni ya ICI ya Uingereza, alitengeneza dawa iliyokusudiwa kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo ilishindwa. Lakini ilikuwa na tabia ya kukaa kwenye kipokezi cha estrojeni kama ufunguo mbovu uliokwama kitasani: hauufungui mlango, na ufunguo wa kweli hauwezi tena kuingia. Mwaka 1971, Mary Cole na wenzake wa Manchester walitangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa saratani ya titi. Ndiyo tamoksifeni, kidonge kinachomezwa leo duniani kote. Kwa wenye vipokezi, kukimeza kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja. Kwa wasio na vipokezi, ni kumeza bure.

Jawabu la shangazi ndilo hilo. Saratani inajulikana kwa umbo la seli zake. Tiba inajulikana kwa protini zake.

Rangi ya hina

Mbona basi habari hizi zilichelewa kufika Dar es Salaam? Sababu kubwa ni namna ya kupima. Kipimo cha kwanza kilitaka kipande kikubwa cha nyama mbichi, kigandishwe mara tu kikitoka mwilini, kisha kipimwe kwenye maabara yenye vifaa vya mionzi. Miji mingi ya Afrika haikuwa na njia hiyo.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipovumbua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Kingamwili ni askari wa mwili, na kila mmoja anamjua adui wake mmoja tu. Ukitengeneza askari anayekijua kipokezi cha estrojeni na kumbebesha rangi, atakwenda kukaa pale penye kipokezi na kuacha alama. Kufikia miaka ya 1990 kipimo hiki kiliweza kufanywa kwenye kinyama kilichogandishwa ndani ya nta, ambacho hakihitaji barafu na hukaa kabatini miaka na miaka.

Ukitazama kwenye hadubini, seli zenye kipokezi zinakuwa na rangi ya kahawia. Sisi tulipoziona picha zake tulikumbuka mkono wa bi harusi asubuhi baada ya kubandua hina. Penye protini rangi imeshika, pasipo nayo hapakushika kitu. Mtaalamu wa patholojia anahesabu zilizoshika. Hata seli zikiwa 1 tu katika kila 100, kipokezi kinahesabiwa kuwa kipo.

Hapo Dar es Salaam nayo ikaingia katika historia. Mwaka 2000 wataalamu wa Muhimbili na wenzao wa ng'ambo walichapisha utafiti juu ya vipokezi vya estrojeni na projesteroni katika saratani za wanawake wa Tanzania, na mwaka 2017 ukachapishwa mwingine wa Muhimbili uliojumuisha pia protini iitwayo HER2. Yaani swali lililoulizwa Chicago liliulizwa sasa kwa vinyama vya mama zetu.

Habari mbaya iliyogeuka njia

HER2 ina kisa chake, na ndicho kilichotugusa zaidi. Kila mtu anayo kidogo kwenye seli zake. Mwaka 1987, Dennis Slamon wa Los Angeles na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani ya titi wanayo kwa wingi uliopita kiasi, na kwamba hao ndio ugonjwa wao ulirudi haraka na ndio waliofariki mapema. Leo tunajua ni kama wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100.

Jaribuni kujiweka mahali pa mwanamke aliyepewa jibu hilo mwaka 1990. Anaambiwa, yako ni ile mbaya. Hakuna dawa yake. Ungesema afadhali asingepimwa.

Lakini wataalamu hawakuishia kwenye habari mbaya. Kama protini hiyo ndiyo inayousukuma ugonjwa, basi tumpeleke askari akaizuie. Mwaka 1998 kingamwili iitwayo trastuzumabu, kwa jina la biashara Herceptin, iliruhusiwa Marekani. Ugonjwa uliokuwa na mwisho mbaya kupita mingine ukawa miongoni mwa ile yenye tiba yake maalumu. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likaithibitisha ya kwanza ya aina yake yenye bei nafuu zaidi. Bado ni ghali kwa familia nyingi za kwetu, na moyo wa mgonjwa hutakiwa kufuatiliwa anapoitumia. Lakini bila ya kipimo, hata anayeweza kuipata hataijua.

Je, huku si kutabiri ghaibu?

Tuliseme wazi, maana tunalisikia kwenye mikeka ya darsa na jikoni kwenye shughuli. Wapo dada zetu wanaokataa kuchukua majibu kwa kuona ni kama kupigiwa ramli, kuambiwa siku ya kufa. Wanasema ajali iko kwa Mwenyezi Mungu, karatasi itajua nini?

Ajali iko kwa Mwenyezi Mungu kweli. Wala karatasi ya maabara haidai kuijua. Inasema tu kwamba uvimbe wenye protini hii kwa kawaida hufanya hivi, na dawa hii kwa kawaida huuzuia. Baharia wetu akitazama mawingu akasema kusi linakuja, hatumwiti mtabiri. Tunamshukuru, tunashusha tanga. Na sote tumefundishwa kisa cha yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Kuuliza protini ni kumfunga ngamia.

Historia yenyewe inatufundisha hivyo. Mgonjwa wa Beatson, wa Jensen, wa Slamon: kila mara jambo baya lilipojulikana vizuri, ndipo njia ilipoonekana. Hata wale ambao vipokezi vyote viwili vya homoni havipo na HER2 haikuzidi, aina inayoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na kwa vijana, jibu lao lina faida. Linawaokoa na miaka ya vidonge visivyowafaa na kuwaelekeza kwenye dawa za kemo na upasuaji bila ya kupoteza muda.

Turudi Kariakoo, kwenye kile kichupa

Sasa mtaelewa kwa nini kichupa kile kilituuma. Protini huanza kuharibika tangu kinyama kinapotoka mwilini. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini safi ndani ya saa moja, iwe fomalini nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kikikosa fomalini, au kikisahauliwa siku nyingi, rangi haitashika. Hapo msomaji wa hadubini anaweza kusema kipokezi hakipo, kumbe kilikuwapo. Na mwanamke akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia.

Hili si la nyumba yetu peke yake. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya tafiti za Afrika walikuta kwamba vinyama vilivyochukuliwa na kupimwa kwa utaratibu uliopangwa vilionyesha vipokezi vya estrojeni mara nyingi zaidi kuliko vile vilivyotolewa makabatini. Sehemu ya yale yaliyosemwa kuwa ni ubaya wa saratani zetu ilikuwa ubaya wa utunzaji wa vinyama.

Shangazi alikubali kuchukuliwa tena. Safari hii kichupa kilijazwa fomalini, kikaandikwa jina na saa, na mtoto wa kaka yake alikipeleka moja kwa moja, Kariakoo hakupitia hata kwa dakika moja. Jibu likatoka: kipokezi cha estrojeni kipo, kwa wingi. Alifanyiwa upasuaji, akapata mionzi pale Ocean Road, na sasa kila usiku baada ya Isha anameza kidonge chake. Ukimuuliza habari yake atakwambia, "Alhamdulillah, protini yangu imepatikana."

Kwa bi harusi wetu na masomo wao

Tathmini ya huduma za matiti Tanzania ya mwaka 2017 ilisema kwamba wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 hugunduliwa saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Kipimo kizuri hakitoshi ikiwa mtu amefika akiwa amechelewa. Kwa hiyo tuna machache ya kuwaachia.

Siku za singo, somo anamsugua mwari mwili mzima. Ni wakati mzuri wa kumfundisha kulijua titi lake lilivyo, ili likibadilika alitambue: uvimbe, ngozi kuingia ndani, chuchu kutoa damu. Uvimbe mwingi wa wasichana si saratani, lakini haujulikani mpaka utazamwe. Haya ni pambo letu, na haya haikukatazi kwenda hospitali ukaomba daktari mwanamke.

Kinyama kikichukuliwa, ulizeni mambo matatu kwa adabu. Kimewekwa kwenye fomalini? Kinapelekwa lini, na nani? Je, kitapimwa estrojeni, projesteroni na HER2? Mkipewa mkipeleke wenyewe, kipelekeni kwanza. Kanga zitangoja.

Karatasi ya majibu itunzeni pamoja na cheti cha ndoa na hati ya nyumba, kwa sababu kila daktari mpya ataiulizia. Na aliye kwenye umri wa kuzaa amwambie daktari mapema kwamba anatarajia watoto, maana tamoksifeni haimezwi na mwenye mimba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia kabla haya hayajajulikana, na awape bi harusi wetu ndoa zenye afya na kheri. Amin.